Kaseti ya Mama na Nyimbo za Mwanzo za Loishiye

Jumatatu, 1 Julai 1996
Ukungu mpaka saa nne. Nepi hazikauki. Princess ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye bega langu.

Mama mkwe amejifungia chumbani na redio kaseti, anamrekodia Aminieli barua. Mama hajui kuandika, na mume wangu anaendesha watalii Serengeti, kwa hiyo barua za mama anazisikilizia garini. Hii ya leo naijua inahusu nini. Aminieli amepata chumba Lemara. Amemwuliza mama kama anaruhusu mimi na mtoto tushuke mjini tukaishi naye. Bila neno la mama haihami hata sufuria.

Nilikuwa nafagia karibu na dirisha lake. Nilifagia sana. Nikamsikia anasema: huyu mkeo, loshoro yake kwa kweli... Hapo mbuzi akalia. Basi. Tumekwisha! Loshoro yangu ina mabonge, nakubali, mahindi upande huu na maziwa ya mgando upande ule. Ndiyo mtoto anyimwe baba?

Jumanne, 2 Julai
Akili imenijia nikiwa nanyonyesha. Kaseti iko juu ya kabati. Lesikar wa maziwa anashuka nayo mjini kila Alhamisi, na anayempelekea ni mimi. Nikifuta maneno ya loshoro, nikaweka nyimbo za Loishiye, Aminieli atalainika, atakuja kutuchukua mwenyewe bila kuuliza mtu.

Lakini ziwe za mwanzo. Za Loishiye akiwa peke yake na gitaa, kabla ya kinanda cha umeme na wale wasichana wanne. Aminieli alinichumbia kwa nyimbo hizo. Nimeziandika nyuma ya kadi ya kliniki, na kuzipanga kumenichosha kuliko kufua. Wa kwanza ni "Koti la Baba". Katikati anasikika kuku, hawakumtoa, ndiyo maana naupenda. Halafu "Shamba Halina Mtu", aliutunga akiwa mlinzi Dar, anaikumbuka migomba ya kwao. Ubeti wa tatu nalia, siku zote. Halafu "Mama Yuko Peke Yake", ambao Aminieli alikuwa anaupiga mluzi akipita kwetu. Nilijua ni yeye kwa sababu anaukosea. Mwisho "Nitarudi Jumapili". Uzi wa gitaa unakatika, unausikia kabisa, na yeye anaendelea tu.

Wifi Tekla akaiona kadi. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema hizo ni nyimbo za kuzikia bibi, Loishiye wa siku hizi ndiye mwanamuziki. Nikamwambia anayehitaji wasichana wanne wa kukata viuno hana wimbo. Akaniambia mwenye loshoro kama yangu hana mdomo.

Jumatano, 3 Julai
Usa River, mtoto mgongoni, mayai mkononi. Hans ana duka la kanda. Unampa orodha, anakurekodia. Ni rafiki wa Aminieli, kwa hiyo akakubali mayai, hata lile lililopasuka.

Mama huvunja vile vipande viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Hans akaziba matundu kwa karatasi. Akauliza, shemeji, nisikilize kwanza kuna nini humu? Nikasema kwaya ya zamani, futa tu. Akauliza tena, una hakika? Nikamwambia shemeji, mtoto ana njaa. Akafuta. Nyimbo zikaisha mapema, akazirudia upande wa pili. Nilirudi nyumbani nikijiona kama mtu aliyefika kidato cha nne.

Alhamisi, 4 Julai
Lesikar ameondoka na kaseti. Mama amenishukuru kwa kuipeleka mapema. Sikumtazama usoni.

Jumapili, 14 Julai
Bado kimya. Nimeshafunga nguo za Princess kwenye kanga. Baada ya ibada nikampa jirani yetu Hanna jembe langu. Nimemwambia kule Lemara hatulimi. Akaniuliza Aminieli anakuja lini. Nikasema wakati wowote.

Ijumaa, 19 Julai
Barua! Ya karatasi, kwa mama. Msomaji ni mimi. Nikakaa vizuri, nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti.

Aminieli anasema mama shikamoo, kaseti nimeipata. Ameipiga garini, watalii wameipenda, hasa kuku. Alingoja sauti ya mama mpaka mwisho, akageuza upande, akangoja tena. Anajua mama akikataa jambo hasemi, anakaa kimya. Lakini nyimbo alizomchagulia amezielewa zote. "Koti la Baba": asimsahau marehemu. "Shamba Halina Mtu": nani atalima? "Mama Yuko Peke Yake": hapo alisimamisha gari. "Nitarudi Jumapili": sawa mama, nimekusikia, nitakuwa narudi. Mke wangu Elinipa na mtoto wabaki na wewe. Chumba nimempa dereva mwenzangu Abdiel, anahamia tarehe 31.

Nilisoma vizuri sana mpaka nikaelewa ninachosoma. Nilikuwa nimeshafika kwenye tarehe 31.

Mama akauliza, nyimbo? Nyimbo zipi? Tekla alikuwa anamenya ndizi. Akasema, bila hata kuinua kichwa, mama, si zile za kuku, muulize mkwe wako.

Mama akanitazama. Kisha akasema polepole alichokuwa amemwambia mwanawe: huyu mkeo, loshoro yake kwa kweli bado, lakini ana moyo, mtoto wake hajawahi kulia akaachwa, mchukue upesi. Alisema mara tatu, kwa sababu Aminieli ni mzito wa kusikia.

Mara tatu! Na Hans alifuta zote tatu.

Nikamwomba radhi kwa magoti, Princess akidhani ni mchezo, naye akapiga magoti. Mama akacheka kidogo. Tekla akacheka sana.

Jumapili, 21 Julai
Nimemwomba Hanna jembe. Anasema ameshalibadilisha mpini, kwa hiyo sasa ni lake nusu.

Jumatatu, 22 Julai
Mama amerekodi upya, safari hii mbele yangu. Amesema: Aminieli, mimi ni mama yako, wachukue, chumba usimpe mtu. Akabonyeza kitufe. Ameshamaliza! Akavunja vile vipande, akanikabidhi kaseti. Akasema Mama Princess, hii iende kwa Lesikar, isipite popote. Nikasema ndiyo mama.

Jumanne, 23 Julai
Nimefikiri usiku kucha. Maneno ya mama ni makavu mno. Mtu akiyasikia atadhani amelazimishwa. Na upande wa pili wote mtupu, nusu saa nzima, hasara. Maneno ya mama siyagusi. Mtu hajifunzi mara mbili jambo lile lile.

Usa River si mbali. Hans ananiambia shemeji, mashine iko kwa fundi mpaka Jumamosi. Nimemwachia kaseti. Basi haitamuwahi Lesikar keshokutwa, atashuka nayo Alhamisi nyingine, tarehe mosi. Abdiel anahamia tarehe 31. Imezidi siku moja tu, na mwanaume asiye na mke ana godoro na ndoo, atahama tena.

Safari hii wimbo mmoja tu, nimeuchagua kwa makini. Ni wa mwanzo kabisa, kabla hata ya kuku. Hakuna gitaa tamu kama lile. Unaitwa "Usinifuate Mjini".