Maombi ya Kumshusha Kapteni Tumainieli

Milimani, juu ya Hedaru,
Wilaya ya Same.
Jumatatu, baada ya chai.

Ndugu Mkurugenzi wa Kampuni ya Ndege Ndogo,

Shikamoo, kama umri wako unairuhusu. Kama wewe ni kijana, basi marahaba, na usome ukiwa umekaa.

Mimi ni Asteria, mke wa Kapteni Tumainieli, rubani mliyemwajiri mwezi wa tatu kuwazungusha watalii juu ya mbuga kutokea uwanja wa Same. Naomba, kwa heshima zote, mumwachishe kazi. Sina ugomvi na ndege. Namdai mume wangu, na sababu ni hizi:

1. Mtu huyu amerusha ndege kubwa za abiria miaka thelathini na minne. Watoto watatu nimejifungua yeye akiwa hewani, na wa nne akiwa amekwama kwa ukungu nchi za watu. Nilivumilia nikijua kuna kustaafu. Alipotimiza sitini na mitano, shirika likampa saa ya ukutani, akarudi, tukapanda tangawizi pamoja, nikasema haya, sasa nimeolewa. Ilidumu miezi mitano! Hata kamati ya harusi yetu ilikaa zaidi ya hapo.

2. Kwetu Jumamosi ni msaragambo: kila kaya inatoa mtu, tunatengeneza barabara na kuzibua mifereji, na asiyefika anaandikwa. Sasa mume wangu hupita juu saa tatu, anatikisa mabawa kusalimia, na katibu wetu, Mzee Zephania, anamwekea alama ya kuhudhuria. Nilipouliza, akanijibu kwamba Kapteni ameonekana na watu wote. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu hayupo na lake lipo, ila jembe lake ninalo mimi.

3. Baya zaidi ni maji. Tuna ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na kila ukoo una zamu yake. Zamani msimamizi wetu Hezroni aliangalia jua, akafungua. Siku hizi anasema rubani hakosei dakika, kwa hiyo hafungui mpaka ndege ipite. Jumanne mtalii wenu mmoja akasahau kofia hotelini. Kofia, jamani! Ndege ikachelewa saa mbili, ukoo wa chini wakakosa maji, mkutano ukaitwa. Nani akasimamishwa ajibu? Mimi, ambaye ndege sijawahi hata kuipanda.

4. Jirani yangu Dorkas alipotelewa na mbuzi, Kapteni akamwona kutoka juu, akampigia simu alipotua. Tangu siku hiyo jikoni kwangu ni kituo cha polisi. Wanatafutwa mbuzi, ng'ombe, na waume waliosema wamekwenda Mwanga kikazi. Wiki iliyopita wanaume wanne, kila mmoja kwa siri yake, wameniomba nimwambie asiruke chini sana.

5. La mwisho nalisema wazi: naogopa. Zile ndege kubwa zilikuwa na marubani wawili. Hii yenu ina yeye na Mungu wake, na mawingu ya milima hii hayana adabu. Ikipita, naacha kila kitu nasikiliza mpaka mlio uishe. Mboga nimeunguza mara tisa.

Kwa hiyo mshusheni. Mkishindwa, jengeni uwanja kwenye shamba letu la tangawizi, awe anakuja kula mchana. Na hilo likiwashinda, niajirini mimi nikae kiti cha pembeni, nimwambie apunguze mwendo.

Nisalimieni mafundi wote, hasa yule anayekaza skrubu. Mwambieni asiwe na haraka. Kijiji kizima kinawasalimu, isipokuwa ukoo wa chini.

Ni mimi, niliyeishiwa subira lakini si heshima,
Asteria, Mama Agape.

Nyongeza: Tafadhali msimwoneshe barua hii, wala msiilinganishe na ile ya kuomba kazi, maana mwandiko ni mmoja. Ile niliiandika mimi, hadi sahihi. Yeye anaamini mlimtafuta wenyewe kwa sifa zake. Ile miezi mitano alikuwa anakaa barazani akitazama juu, chakula hamalizi, hata kunibishia aliacha. Nilikuwa naye, na nilikuwa nimemkosa. Jana karudi, kala ugali wote, kanibishia kuhusu chumvi mpaka nikakasirika. Basi mwacheni aruke.