Matangi Manane ya Kijani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Skrini imefika! Kubwa kama mlango wa gereji. Imetundikwa ukutani mwa chumba cha mitambo na kiwanda kizima cha maziwa kimekuja kuishangaa, hata walinzi wa getini.

Meneja akaeleza kazi. Tuna matangi manane ya maziwa. Kila tangi liwe na picha yake kwenye skrini, na kila picha iunganishwe na tahadhari zinazotoka kwenye tangi lenyewe, papo kwa papo. Maziwa yakiwa baridi, picha kijani. Yakianza kupata joto, picha nyekundu na king'ora juu. Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Akauliza nani anaiweza.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Daftari naye akanyanyua wake, taratibu, kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Daftari ndivyo ninavyomwita fundi mwenzangu, mwanamke mwembamba anayeshinda na daftari kwapani akiandika nambari ambazo hakuna aliyemtuma. Meneja akasema basi tufanye wote wawili. Nikamwambia bosi, hii ni kazi ya mtu mmoja, wawili tutagongana vichwa. Akakubali. Daftari akafunga daftari lake, pap! Sauti tamu sana ile.

Nafasi ya mkuu wa chumba cha mitambo iko wazi tangu mzee wetu astaafu. Sihitaji kuandika zaidi.

Jumanne, tarehe 4

Nimechora kutwa nzima. Matangi yangu yanang'aa, yana vivuli, yana hata vingazi pembeni. Kona ya juu nimeweka ng'ombe anayekonyeza jicho. Hakuna aliyeniagiza ng'ombe. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Saa nane akapita Daftari. Ng'ombe hakumsifia. Akauliza kila picha nimeipa nambari gani ya tangi kwenye mfumo, maana picha isiyo na nambari haina tofauti na kalenda ya ukutani. Akanipa karatasi, nambari zote nane kwa mwandiko wa mwalimu. Nikamwambia asante dada, ninazo kichwani. Kichwani sikuwa na hata moja, lakini nikianza kupokea karatasi za watu nitaishia wapi? Akaiacha mezani. Nikaweka kikombe cha chai juu yake.

Nyumbani mama mkwe, aliyekuja kwa siku nne na sasa yuko wiki ya tatu, akauliza hizo picha zinafanya nini hasa. Nikamweleza kwa upole. Akauliza kwa nini mtu asifunue tangi akaangalia. Mke wangu akainamia cherehani, mabega yanatikisika. Nikajiongezea chai. Mkwe hajibiwi.

Jumatano, tarehe 5

Leo nimeunganisha. Mfumo una orodha ndefu ya tahadhari, na mimi sikutaka tahadhari hata moja inipite, kwa hiyo kila picha nikaifunga kwenye orodha nzima. Saa nne na dakika ishirini nikabonyeza.

Mekundu! Yote manane! King'ora kikalia kama mtu aliyechomwa na pasi. Watu wa kufungasha wakatupa maboksi wakatoka mbio. Dereva wa lori akarudi nyuma hadi kwenye uzio. Meneja akatokea msalani, mikono imejaa povu la sabuni, anauliza moto uko wapi.

Daftari peke yake ndiye aliyetembea. Akazunguka matangi na kipima joto chake, akarudi, akasema yote ni baridi. Akaongeza, mbele za watu, kwamba nimeunganisha pamoja na tahadhari zilizofungwa zamani, yaani zilizokwisha kushughulikiwa, hadi ile ya umeme kukatika mwaka juzi. Ilitakiwa nichague zilizo wazi tu, na kila tangi lipate zake.

Lakini nilijikaza. Nikasema hili lilikuwa zoezi la dharura. Meneja akauliza mbona hakuambiwa. Nikamjibu zoezi linalotangazwa si zoezi. Akafikiri kidogo. Akanipongeza! Daftari alinikata jicho ambalo bado nalihisi mgongoni.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi yote nimepata tangi moja tu kwa kubahatisha nambari, la tatu. Tangi la tatu lina adabu zake, halijawahi kulalamika. Kijani safi. Yale saba yakagoma, yanataka nambari. Nikanyanyua kikombe. Chai ilikuwa imekula karatasi, nambari zimekuwa madoa. Kwenda kumwomba Daftari nyingine? Mimi? Bora nife na tai shingoni.

Nikakaa nikafikiri kisayansi. Maziwa ni yale yale. Chumba kimoja. Bomba moja. Kama la tatu ni baridi, haya mengine yapate joto kwa sababu gani? Nikazifunga picha zote nane kwenye tangi la tatu. Dakika sita. Manane ya kijani, yamepangana kama wanafunzi wa gwaride.

Meneja aliingia saa tisa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita mkuu wetu. Barua bado, lakini mdomo umeshasema. Daftari akauliza nimemalizaje haraka hivyo. Nikamwambia kipaji.

Ijumaa, tarehe 7

Naandika haya kwa sababu shajara ni yangu na hakuna wa kunikataza.

Wakaguzi walifika saa tatu, watatu, mkuu wao mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilivaa shati jeupe. Nilizungumza vizuri mno. Nilikuwa nimefika kwenye ng'ombe pale Daftari alipoingia na kumwendea meneja.

"Bosi, tangi la sita lina nyuzi tisa badala ya nne. Nimelipima sasa hivi."

"Skrini haidanganyi, dada," nikasema kwa sauti, wageni wasikie. "Si hiyo hapo? Kijani."

Meneja akaitazama skrini, akamtazama Daftari, akawatazama wageni. Akamwambia wataongea baadaye. Daftari hakubisha. Aligeuka akatoka karibu anakimbia, na yule mama mkaguzi akauliza anakwenda wapi na haraka ile. Akamfuata. Basi sote tukafuata.

Daftari alikuwa ameshafungua mabomba, peke yake, mikono mpaka kwenye viwiko imelowa, anayahamishia maziwa kwenye tangi la pili lililokuwa tupu. Lita elfu nne. Yale yanayokwenda shule za chekechea na wodi ya watoto. Mashine ya ubaridi ya tangi la sita ilikuwa kimya, haipumui. Mkaguzi akapima mwenyewe: tisa na nusu. Akasema saa moja zaidi, tungemwaga yote. Meneja alikuwa anafuta jasho kwa tai yake.

Tukarudi kwenye skrini. Tangi la sita, kijani. Nikaeleza kwamba skrini huchelewa kidogo. Ningeokoka! Lakini watu wa usafi, ambao ratiba yao haijui wageni, wakati ule ule wakafungulia maji ya moto kuoshea tangi la tatu, lililokwisha kutolewa maziwa.

Mekundu manane kwa mpigo. King'ora. Ng'ombe anakonyeza.

Yule mama akavaa miwani, akanisogelea kwa upole wa muuguzi. "Sasa, ndugu fundi, kati ya hawa wanane mgonjwa ni nani?"

"Wote," nikasema. "Kwa kiasi."

Jumamosi, tarehe 8

Meneja hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wametupitisha kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo si mimi. Nikamkumbusha kwamba picha nilichora mimi. Akaniambia niondoke kabla hajakumbuka mengine.

Daftari alipewa skrini asubuhi. Saa sita alikuwa amemaliza. Kila picha na nambari yake, tahadhari zilizo wazi tu. Saba kijani, la sita jekundu, maana ni bovu kweli. Ng'ombe kamwacha. Amesema anapendeza. Huo ni uchokozi wa hali ya juu! Kisha akavuta kiti kingine, akaniita nikae anionyeshe alivyofanya, si kazi ngumu, dakika kumi tu. Nikamwambia mgongo unaniuma, siwezi kukaa.

Ukuu ni wake kuanzia Jumatatu. Mimi nimepewa kipima joto na fomu. Nizunguke matangi kila saa, nipime kwa mkono, niandike, ili siku skrini ikikosea pawe na kumbukumbu. Nyumbani nimetangaza kwamba sasa nasimamia uhakiki wa matangi yote. Mama mkwe akauliza kama maana yake ni kufunua na kuangalia. Nikaenda kulala saa kumi na mbili na nusu.

Jumapili, tarehe 9

Wanadhani wamenimaliza. Wamejidanganya.

Nimekaa mezani na fomu yao tangu tulipokunywa chai. Matangi manane, mara nane kwa siku. Nambari sitini na nne, kila siku, kwa miguu yangu hii! Jana niliomba fomu za zamani, za enzi za mzee wetu, nikazisoma kwa makini kuliko yeyote aliyewahi kuzisoma. Nne. Nne. Nne. Tatu na nusu. Nne. Maziwa yenyewe yameshajieleza, mtu azunguke kutafuta nini?

Nimejaza hadi Ijumaa. Hapa na pale nimetia tatu na nusu, na nne na robo moja, ili ionekane kuna mtu anayetembea. Mke wangu akauliza naandika nini siku ya mapumziko. Nikamwambia kuna watu kazi wanaisubiri, na kuna sisi tunaoitangulia. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa fahari.

Tangi la sita bado halijatengenezwa na halina hata tone. Nalo nimeliandikia nne. Sipendi ubaguzi.