Vyeti vya Kuzaliwa vya Kuku wa Ndosho

Prodige alikuwa amekwisha kula visamaki vyote vya sambaza katika mgahawa wa Mama Kahindo, pale Goma karibu na soko la Kituku, na alikuwa akitafuta njia ya heshima ya kutoka bila kulipa, ndipo bwana mmoja wa meza ya jirani alipoweka paja la kuku chini na kuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza humo ndani.

"Mama, kuku hii iko na miaka ngapi?"

Mama Kahindo alikuwa ameingia mjini kutoka Butembo na sufuria mbili, na sasa alikuwa nazo arobaini. Mwanamke wa namna hiyo hakosi jibu.

"Papa, mimi niliikuta tayari kuku. Sikuwa kwa uzazi yake."

Watu wakacheka. Bwana hakucheka. Alikuwa na kitambulisho cha mradi fulani shingoni, na mtu mwenye kitambulisho shingoni hachekeshwi ovyo. Akainua kidole, akafundisha.

"Kuku kijana, nyama yake iko laini, mafuta kidogo, tumbo halisumbuki. Kuku muzee ameshaweka mafuta, nyuzi za nyama zimekomaa, unatafuna mpaka taya linaomba konje ya kupumzika. Lakini supu yake, sasa, iko na nguvu. Kila umri na kazi yake. Mimi ninalipa, na sijui ninakula umri gani. Hiyo ni haki?"

Wateja walitazama sahani zao kama watu walioambiwa kwamba wamelala miaka kumi na mgeni. Mama Kahindo akakuna kichwa. Na Prodige, ambaye alikuwa amefika mlangoni, akarudi, akaketi, akaagiza soda. Alikuwa ameona kitu.

Tusimhukumu haraka. Prodige hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako usipotazama. Prodige alitaka utazame vizuri, hata akuonyeshe kwa kidole. Alikuwa ameuza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma, na walimshukuru. Aliujua mji wake. Goma mtu anaweza kukataa neno la baba yake mzazi, lakini karatasi yenye mihuri miwili ataikunja taratibu na kuiweka kwenye Biblia. Sasa kuku, maskini, alitembea mjini bila karatasi yoyote.

Tena kuku alikuwa nao. Nyuma ya chumba chake katika mtaa wa Ndosho walikuwapo arobaini, kuku wa mayai waliokoma kutaga, ambao mfugaji mmoja alimwachia kwa bei ya kuwaondoa machoni pake. Wote walikuwa na umri mmoja, miaka miwili na ushee. Walikuwa wametaga mpaka wakachoka na dunia.

Siku tatu Prodige alifanya kazi kwa bidii ambayo, kama angeitumia kwenye kazi halali, leo angekuwa na duka. Ishirini aliwasugua miguu kwa ndimu na majivu, akawakata kucha, akawapaka mawese mpaka magamba yakang'aa. Hao wakawa vijana wa miezi mitano. Ishirini wengine hakuwagusa. Hao aliwaongezea miaka miwili kwa kalamu tu, wakawa wazee wa miaka minne, kuku wa supu ya mama aliyejifungua. Kisha akachonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili: *Ofisi ya Umri wa Ndege wa Kufugwa*. Akaandika vyeti arobaini. Jina la kuku, rangi, tarehe ya kuzaliwa, muhuri juu, muhuri chini. Kilichokosekana ni jina la baba tu, na hata hilo alilifikiria.

Kwa nini bidii yote hiyo? Kwa sababu ya Dative. Dative alikuwa msichana wa Kibumba, kule juu milimani, alimpenda Prodige kwa kiasi, na baba yake, Muzee Habarurema, mkulima wa kabichi, alikuwa ametamka neno moja tu: "Mutoto yangu haendi kwa mutu wa miguu. Aje Jumapili na kitu chake cha kutembelea. Akikosa, asije tena." Sasa ilikuwa Ijumaa. Na nyuma ya mgahawa wa Mama Kahindo, chini ya turubai, Prodige alikuwa ameona pikipiki nyekundu.

Alifika na kuku wake juu ya chukudu ya kukodi, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na injini, vyeti vimepangwa ndani ya bahasha.

"Mama, shida yako imekwisha. Hizi ishirini, miezi mitano, za kukaanga. Hizi ishirini, miaka ine, za supu. Muteja akiuliza, unamuwekea karatasi pembeni ya sahani."

"Na wa miaka ine nitauza beyi moja na wa miezi mitano?"

"Mama! Umri unauzwa."

Macho ya Mama Kahindo yaling'aa, na Prodige akaona tamaa ndani yake, akafurahi, maana mtu mwenye tamaa ni kama mlango usio na kufuli. Mama alimchukua kuku wa kwanza, akamgeuza chali, akamkandamiza kwa kidole gumba pale mfupa wa kifua unapoishia. Akaguna. Akamchukua wa pili, akafanya vilevile. Prodige alidhani anapima mafuta.

"Vizuri," Mama akasema baada ya wa nne. "Lakini franga sina. Niko na moto ya kaka yangu, ile pikipiki ya nyuma. Alienda Beni, akaniachia. Tubadilishane."

Moyo wa Prodige ulipiga kama ngoma ya arusi, lakini uso wake ulikunja ndita.

"Moto? Sijui, Mama. Iko na miaka ngapi?"

"Karatasi hii hapa."

Kadi ilikuwa safi. Mwaka wa kutengenezwa: mwaka jana. Mihuri mitatu! Prodige, aliyekuwa bado na mpira wa kandambili chini ya kucha zake, aliitazama mihuri ile mitatu, akalainika. Hakufungua kifuniko. Hakuinama. Mama alimwita mpishi, mpishi akapiga teke moja, na mashine ikanguruma vizuri, maana ilikuwa imepashwa joto tangu asubuhi.

"Kwa kuteremka," Mama Kahindo akasema kwa upole, "hakuna moto ya kuishinda hii."

"Inafika Kibumba? Jumapili ninaenda kwa Muzee Habarurema kuomba mutoto."

"Habarurema wa kabichi?"

"Unamujua?"

"Nani anakula kabichi hapa Goma bila kumujua? Miaka kumi ananiletea." Akampigapiga bega. "Enda, baba. Mungu akutangulie."

Jumapili Prodige alivaa suti ya kijivu na kuanza safari. Mpaka mwisho wa mji pikipiki ilikwenda kama ndoto. Barabara ilipoanza kuinuka, ikakohoa kama mzee wa tumbaku. Ikapanda kidogo, ikakohoa tena, ikanyamaza. Prodige akapiga teke mpaka kiatu kikafunguka. Akaisukuma. Jua likapanda pamoja naye. Alipotazama chini aliona suruali yake imekuwa nyekundu magotini, na kwenye tangi, mahali rangi hiyo ilipobanduka, palikuwa bluu, na chini ya bluu palikuwa kijani. Pikipiki ile ilikuwa imezaliwa mara tatu.

Alifika kwa Muzee Habarurema saa saba, akisukuma.

"Karibu," mzee akasema. "Naona umekuja nayo. Au yenyewe ndiyo imekuja na wewe?"

"Imechoka tu, Papa. Iko mupya. Karatasi hii hapa."

"Karatasi tutasoma. Kwanza kula."

Katika nyumba ile mgeni aliyekuja kuomba binti hupewa paja na firigisi, na hanyanyuki mpaka amalize. Dative alileta sahani, akaiweka mezani bila kumtazama, na pembeni akaweka karatasi yenye mihuri miwili.

Prodige aliijua mihuri ile kama mtu anavyozijua nguo zake kwenye kamba ya jirani.

"Mama Kahindo ametutumia kuku zako mbili jana, kwa gari ya viazi; amesema ni za miezi mitano," Dative akasema. "Nisome? *Jina: Merveille. Rangi: nyekundu. Amezaliwa tarehe thelathini Februari.*"

"Thelathini Februari," Muzee akarudia polepole, kama anayetafuta siku ile katika maisha yake yote. "Nimepanda kabichi miaka makumi ine. Hiyo siku sijawahi kuilima."

"Makosa ya ofisi, Papa," Prodige akasema.

"Pengine. Kula."

Akauma. Paja halikuumika. Akauma kwa upande. Taya lake likaomba konje, likanyimwa. Dative aliketi mbele yake, mikono mapajani, akihesabu kila tafuno kama mwalimu wa mtihani. Firigisi ilichukua muda ambao padri huchukua kwenye misa ya Pasaka. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamemtoka, na mzee alimsogezea mfupa wa kifua.

"Pinda ncha yake. Kuku ya miezi mitano, hapo panapinda kama sikio."

Prodige akapinda. Mfupa haukupinda.

"Kuku muzee si mubaya," Muzee akasema. "Ungesema ni muzee, tungemuchemsha tangu asubuhi, nguvu yake yote ingeingia kwa maji, tungekunywa na kukushukuru. Wewe umesema kijana, tukamukaanga. Sasa nani ameumia?"

"Meno yangu, Papa."

"Basi umeanza kusema kweli." Mzee akasimama, akaizunguka pikipiki, akaitikisa. "Dative, unamutaka huyu?"

"Bado hajaiva, Papa," Dative akasema. "Aendelee motoni."

Mzee akafunga magunia mawili ya kabichi nyuma ya pikipiki ile, moja kila upande. "Peleka kwa Kahindo. Na Jumapili ijayo, ingine. Siku utapanda huku mashine inanguruma, utakula firigisi ya kijana."

Na kwa kuteremka, kwa kweli, hakuna iliyoishinda. Ilishuka mpaka Goma bila sauti, bila petroli, magunia yakiyumba, vijana wa chukudu wakimpisha kwa heshima ya mtu wa kazi yao.

Mgahawani alikuta foleni mpaka barabarani. Vyeti thelathini na nane vilikuwa vimebandikwa ukutani, na sufuria kubwa ilichemka tangu alfajiri. Kuku wote walikuwa wamekwenda kwenye supu, vijana na wazee pamoja, na bei ilikuwa imepanda. Bwana mwenye kitambulisho alikuwa kwenye bakuli la pili, akitokwa jasho na kusifu.

Mama Kahindo alipokea kabichi, akamletea Prodige bakuli. Akaonja. Ilikuwa supu nzuri kuliko zote alizokunywa maishani mwake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "kuku hii iko na miaka ngapi?"

Mama Kahindo akaelekeza mwiko ukutani.

"Chagua, baba. Wewe ndiye ulimuzalisha."