Bawaba za Nyumba Yangu Katika Muziki wa Binti Godeberthe

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimetembelewa! Binti Godeberthe, mtengenezaji wa muziki, Mkongomani mwenzetu wa Uvira, alikuwa akipita akausikia mlango wangu ukilia. Akasimama kama aliyeitwa kwa jina. "Papa Natanaeli, mulango yenu inaimba! Siyapata kusikia bawaba ya sauti mingi hivi." Akaomba ruhusa ya kuurekodi. Nikamwomba radhi kwa hali ya mlango. Marehemu Eliane, mke wangu, aliniagiza miaka mingi niutie mafuta. Namshukuru Mungu sikumtii.

Kurekodi hakukwenda vizuri. Binti alitaka kimya. Lakini kila alipousukuma mlango, niliona ni utovu wa adabu kutomwomba radhi kwa kelele ile. Akaanza upya. Nikaomba radhi kwa kuomba radhi. Alicheka, akanywa chai, akaketi katika kiti cha Eliane. Tangu mazishi hakuna mgeni aliyekikalia. Cassien simhesabu. Huyo ni jirani yangu Mrundi, fundi cherehani, naye huingia kila jioni bila kualikwa.

Godeberthe atarudi Ijumaa kurekodi vizuri zaidi. Jumamosi kazi itasikika ukumbini, mjini Mbarara. Mlango wangu, Mbarara!

Jumanne, 5 Agosti

Binti aliniwekea kazi zake kwenye simu ili nizizoee. Nimesikiliza asubuhi nzima, nikiwa nimevaa koti kwa heshima.

Ya kwanza ni wimbo wa harusi ya askari mmoja wa kambi ya jeshi ya Makenke. Magitaa yanafukuzana kama vifaranga. Sikuona kosa. Inafuata ya kuwahimiza watu kunawa mikono. Fupi sana. Nilinawa. Kisha wimbo unaofanana na wa kanisani, lakini unakwenda kinyumenyume. Shuleni kwa mapadri tungechapwa fimbo kwa jambo hilo. Hata hivyo unainua moyo.

Halafu ile ya mvua. Ni mvua juu ya turubai, basi. Inanyesha muda mrefu hata nikatoka nje kuanua shati. Jua kali! Niliporudi nikaisikia sauti ya mwanamke, nyembamba, isiyo na maneno. Inakuja, inasogea, inaondoka. Sote tuliofika Nakivale kama wakimbizi tumelala chini ya maturubai hayo. Wala sikujua kwamba kulikuwa na muziki. Niliirudia. Sikutoka tena nje.

Nilishangaa kwamba zote ni za mtu mmoja. Binti huyu ana masikio mengi.

Ya mwisho, kwa masikitiko, ni cherehani ya Cassien. Inaanza polepole, inakimbia, inakwama kana kwamba uzi umekatika, ndipo ngoma zinaingia. Ni kazi nzuri sana. Sikumwambia.

Jioni alikuja kujitapa. "Mashine yangu vijana wanaicheza kule mtaani Base Camp mpaka vumbi. Mlango wako watauchezaje, mzee? Wataingia na kutoka?"

Alikaa mpaka chai ikaisha. Hukaa hivyo daima. Inachosha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimebuni mpango. Mlango ulie zaidi, ili binti apate sababu ya kurudi mara nyingi. Nimezimwagia bawaba maji ya chumvi. Kufikia mchana ulikuwa unalia kama ndama. Ushindi! Kufikia jioni haufungiki tena. Kuku wa jirani amelala ndani.

Ili Cassien asitambue siri, nilijifanya kulalamika. Nikasema mlango huu unanitesa, umenishinda, utaniua. Alisikiliza bila kunitania hata mara moja. Si kawaida yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Msiba. Nilipokuwa kwenye sala ya asubuhi, Cassien alikuja na mafuta ya cherehani. Amezisugua bawaba zote, akazipaka mafuta, akanyoosha hata ubao. Nilimkuta akitabasamu. "Nimekutengenezea, mzee. Sasa utalala."

Mlango unafunguka kama mbingu. Hausemi kitu!

Binti alipofika, aliufungua, akaufunga, akaufungua. Nikaomba radhi. Nikapaka majivu. Nikaupiga teke, nikauomba radhi mlango. Kimya. Godeberthe akasema nisihangaike. "Niko na ile ya siku ya kwanza, Papa. Inatosha kabisa." Akatualika sote wawili Mbarara.

Sote wawili! Huyu mharibifu naye!

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika Mbarara. Nilivaa tai. Sikutazama upande wa Ruharo, ambako Eliane alipelekwa hospitali akiwa bado anazungumza. Tukavuka mto Rwizi mpaka mtaa wa Nyamitanga. Ukumbi ulijaa vijana. Kulia kwangu askari wa Makenke, bwana harusi wa yale magitaa. Kushoto, kwa bahati mbaya, Cassien.

Kazi yetu ikaanza. Mlango! Mara moja tu, mlio mrefu, mzuri kuliko nilivyoukumbuka. Nikasimama na kuinamisha kichwa kwa umati.

Kisha ukumbi wote ukasikia sauti ya mzee. "Samahani sana." Yangu! "Naomba radhi, binti." Yangu tena! Alikuwa amezipanga radhi zangu moja juu ya nyingine kama matofali, mvua ya turubai ikinyesha chini yake, cherehani ikienda polepole kwa mbali. Niliona aibu nisijue pa kuiweka. Askari akanivuta koti. "Mzee, kaa chini bwana. Mlango yako imeisha."

Lakini baada ya kila samahani, binti aliacha kimya kifupi. Kimya hicho nakijua. Miaka yote tuliyokaa Nakivale nilichelewa kutoka mazoezi ya kwaya. Mlango ulilia, nikasema samahani, na Eliane akanijibu kutoka ndani. Sasa nakiri kwamba nilikaa pale nikingoja.

Ndipo Cassien akapaza sauti, katikati ya sanaa: "Ingia tu, baba, nilikwisha kukusamehe!"

Neno kwa neno. Hata jinsi Eliane alivyoivuta ile "baba". Miaka yote hiyo amekuwa akitusikia kupitia ukutani!

Watu wakacheka. Lakini katika kimya kilichofuata, ukumbi mzima ukajibu: "Ingia tu, baba!" Na kingine. Na kingine. Askari alijibu kuliko wote. Vumbi liliniingia machoni. Nyamitanga ina vumbi jingi wakati huu wa mwaka.

Ni ukosefu wa adabu wa kutisha. Kazi ya sanaa haijibiwi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Cassien, kwa upole wote niliofundishwa, asije tena jioni. Alidhani natania. Akauliza kama nimeishiwa chai, maana angeweza kuleta yake. Nikamweleza kwamba msikilizaji anayejibu si msikilizaji, na kwamba wageni wa maana wanaweza kufika wakakuta kiti kimekaliwa.

"Sawa, mzee," akasema.

Nilimpa kisogo ili asione uso wangu. Mlango haukulia, kwa hiyo sikujua aliondoka saa ngapi. Nilizungumza naye kwa muda kabla sijageuka na kukuta hayupo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikuwa sahihi! Godeberthe amerudi, tena mbio. Anasema kati ya kazi zake zote hakuna iliyowahi kujibiwa vile. Anataka kuirekodi upya humu ndani, na jibu lake. Akatazama huku na huku. "Papa Cassien iko wapi?"

Nikaomba radhi. Nikasema bwana huyo hapatikani, ila namfahamu mtu mwingine mwenye elimu ya sauti, aliyeimba kwaya tangu utotoni. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni mimi.

Hakugusa chai. Akasema atapita tena Alhamisi, na kwamba angependa sana kutukuta wawili. Atatukuta. Nitakuwa wawili.

Nimefanya mazoezi tangu alipoondoka. Nasimama nje, naingia, nasema samahani. Kisha naharakisha mpaka kwenye kiti cha Eliane, naketi na kujibu. Sauti ya pili si mbaya, ila inachelewa kwa sababu ya magoti. Kila ninapoanza, cherehani ya Cassien inanyamaza upande wa pili wa ukuta. Wivu, bila shaka.

Nyumba imetulia kabisa. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, hata mlango hausikiki. Naomba radhi kwa kujisifu, lakini mahali pazuri hivi pa kurekodia sijapata kuwa napo.