Uso Wangu Kwenye Chupa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimeonja sosi. Ya nanasi na pilipili, kaipika mke wa mwanangu. Anataka kuiuza pale duka la kona. Kasema kwenye chupa atabandika picha ya mzee mmoja wa nyumba hii, uso wa kuaminika. Nikajua mara moja ni nani. Kumbe na shemeji naye kajua mara moja! Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi saa. Ana uso kama soksi iliyoanuliwa haijakauka.

Picha itakuwa ya atakayeionja na kuisifu vizuri Jumamosi mbele ya mwenye duka. Kasema leo tujaribu kwanza. Shemeji akachovya ncha ya kijiko. Akafumba macho. Akangoja kama anasikiliza saa iliyokufa. Mimi mwashi, nimejenga nusu ya mtaa huu, sichovyi. Vijiko vinne vya kujaa! Tamu. Nikawaambia hii jamu, wampe mtoto anayeota meno. Shemeji akasema subiri kidogo, shemeji yangu. Nikamwambia asubiri yeye.

Ikaja. Kumbe moto wake unatanguliwa na sukari ndipo wenyewe unaingia kwa mlango wa uani! Masikio yakapiga king'ora. Sikulia. Macho yalitoa maji tu, hilo jambo jingine. Nikaaga naenda kukagua bomba. Nililikagua kwa mdomo, dakika kumi.

Jumanne, tarehe 5

Ulimi umevimba. Mke wangu kaniuliza kama nataka maziwa. Nimekataa. Nimeyanywa alipotoka.

Shemeji kapita dirishani akauliza kwa sauti ya mnada kama lile bomba limepona. Mtaa mzima usikie! Sikumjibu. Ulimi haukugeuka.

Alhamisi, tarehe 7

Akili imekuja. Muuza dawa ana dawa ya jino, ile ya ganzi. Nikamwambia jino linaniua. Kauliza lipi. Nikamwonyesha la kushoto. Kachungulia, kasema mzee, hapa hamna jino. Nikamwambia ndiyo maana linauma. Kanipa. Kasisitiza matone mawili, yasizidi.

Matone mawili ni ya watu wa kawaida.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira, si uzee.

Kabla mwenye duka hajafika nilipaka nusu chupa ya dawa. Mdomo ukahama. Nikawa kama nimeazima wa jirani. Tukaketi. Mke wa mwanangu kamwekea shemeji kibakuli chake, na mimi changu. Nikapiga vijiko sita bila kupumua. Sikusikia kitu! Hata utamu! Shemeji pale jasho linamtoka, anaeleza eti nanasi kwanza, moto baadaye, taratibu. Nikaona nisipoonyesha moto watanishtukia. Nikajipepea kwa kofia. Nikahema. Nikapiga meza. Nikatangaza kwamba tangu nizaliwe sijaonja kali kama hii, ila mimi mwanamume. Maneno yalitoka yamelowa. Mke wangu akanifuta kidevu.

Mke wa mwanangu akainamisha kichwa. Akasema baba, unisamehe, chako sikutia pilipili hata moja. Kanihurumia ule ulimi wa Jumatatu. Ni nanasi na sukari tu.

Mwenye duka akatazama dari, mabega yanacheza. Shemeji akacheka mpaka akakaa sakafuni. Goti analosema miaka yote halikunjiki, leo limekunjika vizuri kabisa.

Picha imekwenda kwa shemeji. Sikula chakula cha usiku. Mdomo wenyewe ulikuwa haujarudi.

Jumatatu, tarehe 18

Ushindi!

Chupa zimetoka, za aina mbili. Nyekundu ina ule uso wa soksi. Ya njano ina uso WANGU, na kofia. Mke wa mwanangu kaniletea ya kwanza kwa mikono miwili. Kasema mwenye duka alionja kile kibakuli changu akanasa, kaagiza nyingi kuliko nyekundu. Kasema baba, watoto mtaani wanaiita ya babu. Macho yakatoa maji tena. Pilipili ya Jumatatu ile bado inatembea mwilini.

Chini ya uso kuna maandishi. Nimeyasoma kwa kidole, herufi moja moja: HAIWASHI. INAFAA WATOTO. Shemeji naye kayasoma, kwa sauti, mara tatu. Nikamwelewesha maana yake: pilipili ikiuona uso huu haithubutu kuwasha. Akaishia kukohoa ndani ya leso.

Nimemwambia Jumapili alete hiyo nyekundu yake mbele ya watu wote. Vijiko kumi. Kwa muuza dawa nimeshapita. Wakati ule kosa lilikuwa moja tu, nilipaka nusu chupa. Safari hii napaka yote.