Kichwa Kilichopekuliwa Bila Hati

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mezani pako, chai ikiwa bado ya moto. Mimi si mzima sana. Mimi ni msusi, mwenye saluni ile ya mlango wa buluu nyuma ya duka la vifaa vya shule, ambayo askari wako waliingia Jumatano kama watu wanaoingia kwa shangazi yao. Nakuandikia bila hasira. Hasira niliimalizia kwenye barua ya kwanza, ambayo mume wangu aliichana akaniambia niandike nyingine.

KUHUSU: KUPEKULIWA KWA KICHWA CHA MTEJA WANGU, NA MENGINEYO

Katiba yetu, ambayo nilisomewa na mteja wangu mmoja mwalimu huku namsuka, inasema mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake bila sababu ya msingi na bila hati. Nilimwomba arudie kwa sababu mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inaunguruma. Aliporudia nilielewa, na tangu hapo sijatulia. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Askari wako, yaani koplo mwenye masharubu na wenzake, hawakuwa na hati. Nilipoiomba, koplo alinionyesha kitambulisho chake cha kazi. Mimi sikuwa na shaka kwamba yeye ni askari, buti zilishanieleza. Nilitaka kujua anatafuta nini na nani amemruhusu. Akasema wamepata taarifa kwamba kwenye saluni yangu hupangwa mambo. Ni kweli, Mheshimiwa, hupangwa. Hupangwa harusi, hupangwa talaka, hupangwa namna ya kumpa mama mkwe jembe lake la siku ya tatu. Serikali haijawahi kupangwa pale. Imelaumiwa tu, na kama hata nyumbani kwako hailaumiwi wakati wa chakula, basi nitaomba radhi.

2. Walipekua vichwa vya plastiki ninavyovalisha mawigi, na kimoja wakakipasua. Ndani hamkuwa na kitu, kama nilivyowaambia.

3. Kitini alikuwapo bibi harusi. Nusu ya kichwa imesukwa mistari midogo midogo, kazi ya tangu asubuhi, na nusu nyingine nywele zimesimama wima. Koplo akaishika misuko, akaona imenenepa kwenye mashina, akasema huenda kuna kitu kimefichwa humo. Akaniamuru nifumue. Nilifumua nikilia. Bibi harusi naye akalia. Koplo akaandika kwamba wahusika walionekana kuwa na hofu. Kilichopatikana ndani ya nywele kilikuwa nywele.

Hapa nimekaa nikafikiri sana, maana mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Je, kichwa kilichosukwa ni mwili, ni mali au ni nyumba? Nywele alizozaliwa nazo ni mwili. Nywele za bandia nilizoongezea ni mali. Na kwa kuwa alikusudia kukaa na msuko ule mwezi mzima, ule msuko ni makazi. Kwa hiyo askari wako aliivunja Katiba mara tatu juu ya kichwa kimoja, na bado akatuuliza kama kuna choo. Yule binti aliolewa kesho yake akiwa amefunga kilemba. Wageni wakadhani ni mtindo mpya. Sasa maharusi wengine wanataka vilemba, na kilemba hakihitaji msusi.

4. Hapa nilikuwa nimeandika jambo linalomhusu mteja. Nimelifuta. Sisi wasusi tuna amana.

5. Tangu Alhamisi kuna mwanamume anakaa kwenye benchi langu na gazeti. Anasema anamsubiri mkewe. Mke hajafika, na gazeti ni lile lile. Wateja walimtambua siku ya kwanza kuwa ni askari kanzu, wakamwita Shemeji, wakaanza kumpa pole kwa kukimbiwa. Sina ugomvi na adabu zake. Lakini alicheka hadithi moja kabla msimulizi hajafika mwisho, wakati eti alikuwa amezama kwenye kurasa za mpira. Nimempa nywele za bandia anichambulie, kwa kuwa mikono mitupu huniudhi. Anachambua vizuri, hilo namsifu. Ila Katiba haikusema tulindwe dhidi ya wapelelezi wavivu peke yao.

6. Simu yangu. Hili ndilo lililonitoa usingizini. Mliichukua Jumatano ile ile na hamjairudisha, na kila mwanamke mtaani anajua iko kwenu. Mheshimiwa, mwanamke akikaa kitini kwangu muda mrefu, kichwa kiko mikononi mwangu na macho yetu hayakutani, husema asichomwambia hata dada yake wa tumbo moja. Asilomaliza kitini hunitumia kwenye simu. Yakifika kwangu yamefika kaburini. Lile la mke wa mwenye bucha na mizani yao, sijawahi kumwambia mtu. Kwamba mwalimu niliyemtaja ameomba uhamisho bila mumewe kujua, hakuna anayejua mpaka leo.

Sasa hawasemi. Jumamosi mwalimu huyo alikuja, akakaa, akamtazama Shemeji, akaniambia, “Nisukie tu, leo sina neno.” Akakaa mpaka nikamaliza bila kufungua mdomo. Nilikuwa nasikia vidole vyangu vikifanya kazi, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nianze kusuka. Nakuambia kweli, kimya kile kiliniogopesha kuliko buti za koplo. Msuko unauma. Watu huuvumilia kwa sababu ya maneno, na maneno yakiondoka wataondoka nayo. Wameshaanza kwenda kwa jirani yangu, ambaye mistari yake imepinda, lakini simu yake anayo mwenyewe.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Simu yangu irudishwe. Koplo aje amsuke upya yule binti, kwa kuwa aliyefumua ndiye asuke, nami nitamwelekeza. Siku zijazo hati ya kupekua kichwa itaje mistari: kama inasema kutoka sikio la kushoto hadi utosini, askari akifika utosini asimame, arudi kuomba nyingine. Na kama Serikali haiwezi kabisa kuishi bila kutusikiliza, basi msikilizaji asukwe kama wenzake na aseme ya kwake pia, kwa kuwa saluni yangu haina mtu wa kula vya wenzake huku vyake kavificha. Shemeji ana kipara. Akae nyumbani mpaka ziote.

Yasipotekelezwa nitaelewa kwamba kusikiliza watu si kosa. Hapo kuanzia Jumatatu nitaleta gazeti langu, nikae kwenye benchi la kituo chako, nimsubiri mume wangu.

Nisalimie koplo na masharubu yake, mlinzi wa lango, anayewapikia chai, na mahabusu wote kila mmoja kwa kosa lake. Shemeji naye anawasalimu. Ndiye aliyeniazima kalamu.

Wako mtiifu, hasa penye hati,

Msusi wa mlango wa buluu

Nyongeza: Nimechelewa kuileta barua hii kwa sababu nilipata mteja. Ni mke wako. Huja kila mwezi kwa jina la dada yake. Leo alimtuma Shemeji sokoni, kisha akasema yote ambayo wengine wameyanyamazia wiki nzima. Kuna linalokuhusu wewe, kuna linalomhusu mama yako mzazi, na kuna moja ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi. Nirudishie simu jioni hii nami nitakusimulia lote, mwanzo mpaka mwisho, na mapya nitakuwa nakuletea kila akija. Pitia mlango wa nyuma. Hati usijisumbue nayo.