Nilivyoupanda Mlima Meru

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Madam Agnela, mkuu wetu wa chuo, ametangaza tuzo ya Mwanachuo Bora wa Mwaka. Chuo chenyewe cha uhazili kina vyumba vitatu nyuma ya gereji hapa Sakina, na wanachuo thelathini na mmoja. Lakini bora ni bora! Mshindi atafanya mafunzo kwa vitendo miezi miwili katika ofisi ya kampuni ya utalii mjini. Kompyuta! Tai! Wazungu wa kusalimiana nao! Sisi wengine tutatupwa popote.

Kinachotakiwa ni mafanikio makubwa. Nidhi, binti wa duka la vitambaa, tayari anayo: anapiga chapa maneno sabini kwa dakika. Mimi kumi na manne, nikiwa nimelala vizuri. Wote wanamtazama yeye. Vidole tu, jamani!

Jumanne, 3 Septemba
Nimepata! Wakati wa chai nimepanda juu ya benchi na kutangaza kuwa nitaupanda Mlima Meru, peke yangu. Wote wakapiga makofi. Kisioki, ninayekaa naye chumba kimoja, akataka twende wote. Huyo amechunga ng'ombe miaka kumi, angefika kweli. Nikamwambia hewa ya kule haitoshi watu wawili. Akaniazima koti lake. Nidhi akanipa pakiti ya biskuti na kunitakia heri. Unafiki mtupu.

Ukweli, na usome wewe daftari peke yako: naenda Nkoaranga kwa shangazi Hedwiga. Ni mlimani pia. Chini kidogo. Nitalala, nitakula ndizi, nitarudi na ndevu.

Jumatano, 4 Septemba
Shangazi amefurahi mno kuniona. Kasema Mungu amemjibu. Sikuelewa amejibiwa nini hadi aliponikabidhi kikapu. Kahawa imeiva yote kwa mpigo, na vibarua wamekimbilia mjini kuuza mitumba. Nimechuma tangu asubuhi. Mchana nimebeba viroba vinne kichwani, kimoja kimoja, hadi kwenye mashine ya kumenya. Njia imesimama kama ukuta! Nimeanguka mara mbili.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimemweleza shangazi kuwa mimi ni msomi. Kasema vizuri, msomi ataanza na mistari ya juu. Mikono imechubuka. Midomo imepasuka kwa baridi. Nimelia kidogo kati ya miti, shangazi akadhani naimba pambio, akaitikia.

Kisha nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Sura ya mtu aliyetoka kileleni! Bahati iliyoje!

Jumamosi, 7 Septemba
Nimerudi nikichechemea, na wala sikuigiza. Nilikuwa nimeokota jiwe jeusi karibu na gereji: jiwe la kileleni. Kisioki amelipokea kwa mikono miwili kama komunyo. Nidhi kauliza ilikuwaje kuona jua likichomoza kutoka kule juu. Nikamwambia nililia. Hilo si uongo.

Jumatatu, 9 Septemba
Siku mbaya. Madam alinipa jukwaa mbele ya chuo kizima. Nilizungumza dakika arobaini. Barafu, chui, mawingu chini ya miguu yangu. Watu midomo wazi. Madam akawa anaitikia kwa kichwa, taratibu. Nilipomaliza akauliza kwa upole:

"Abdiel, Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Juu ya mawingu, Madam."

"Mimi nilikuwa Nkoaranga, kumwona mgonjwa hospitalini. Ulinipita njiani na kiroba kichwani. Hata shikamoo hukunipa."

Nadhani la shikamoo ndilo lililomuuma zaidi. Darasa likalipuka kwa kicheko. Kisioki hakucheka. Alisogea, akalichukua koti lake kitini, akatoka. Hilo limenichoma, basi tu.

Mwanachuo Bora: Nidhi.

Jumanne, 10 Septemba
Adhabu: barua ya kuomba radhi, ipigwe chapa bila kosa hata moja, ibandikwe ubaoni. Taipureta niliyopewa haina R. "Naomba adhi." Karatasi kumi na moja kapuni! Nidhi akaja, akavuta kiti, akaimaliza kwa dakika tatu kwenye mashine yake. Hakuniuliza kitu. Anapenda sana kujionyesha.

Ijumaa, 13 Septemba
Vituo vya mafunzo vimebandikwa. Nidhi, utalii. Mimi, kampuni binafsi iliyoanza juzi kununua kahawa: karani wa mizani. Kituo, Nkoaranga! Madam kaandika kuwa nina uzoefu. Shangazi ameshaleta salamu kuwa kitanda kipo, na jioni nikitoka kazini kikapu kipo.

Nimetafakari sana leo. Kosa langu nimeliona waziwazi: mlima ulikuwa mdogo, na shangazi anakaa karibu mno na hospitali. Mwakani ni Kilimanjaro. Nina mjomba Marangu, na yeye kahawa yake alishaing'oa yote. Ana ng'ombe sita tu, wa kukatiwa majani zizini.